Wimbo wa Loch Lomond: hiyo "njia ya chini" ni ipi hasa?

#1 BintiTanga

Habari za jioni wakuu. Naomba wajuzi wa historia na wa muziki mnisaidie, jambo hili limenikaa kichwani tangu Jumamosi.

Mimi ni muuguzi, niko Glasgow mwaka wa tatu sasa. Jumamosi nilialikwa harusi ya mwenzangu wa kazini, Mskoti wa hapa hapa. Tumekula, tumecheza ngoma zao za kuzungushana mpaka nyayo zikawaka moto. Ilipokaribia saa sita usiku wapiga muziki wakatangaza wimbo wa mwisho. Ukumbi mzima ukasimama bila kuambiwa. Watu wakashikana mikono wakafanya duara kubwa, bwana na bibi harusi wakawekwa katikati. Ubeti wanauimba taratibu kama watu walio msibani. Kikifika kiitikio ngoma inapanda, duara zima linakimbilia katikati, linarudi nyuma, linakimbilia tena. Kulia kwangu alisimama babu wa miaka 80 hivi. Alikuwa anaubana mkono wangu, machozi yanamtoka waziwazi, na papo hapo anacheka.

Wimbo wenyewe unaitwa Loch Lomond, jina la ziwa lililo kaskazini ya hapa, halifiki saa moja kwa gari. Kiitikio maana yake ni hii: wewe shika njia ya juu, mimi nitashika njia ya chini, nami nitafika Uskoti kabla yako, ila mimi na mpenzi wangu hatutaonana tena kwenye kingo nzuri za Loch Lomond.

Hapo ndipo ninapokwama. Huyu mtu anafika wa kwanza, na bado haonani na mpenzi wake. Inakuwaje? Mezani niliuliza watu watatu, nikapewa majibu matatu, kisha wakaanza kubishana wao kwa wao. Njia ya chini ni ipi?

#2 Ngosha_wa_Ziwani

Nakaa hapa nasubiri wajuzi. Ila dada, hilo ziwa lina ukubwa gani mpaka litungiwe wimbo wa kuliza wazee?

#3 Mzee_Maktaba

BintiTanga, umegusa kitu ninachokipenda sana. Nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Mwaka 1745 kijana mmoja, Charles Edward Stuart, alitua Uskoti kutoka Ufaransa kudai kiti cha ufalme kilichochukuliwa kwa babu yake, Mfalme James, mwaka 1688. Bendera aliisimamisha Glenfinnan tarehe 19 Agosti. Wafuasi wake waliitwa Jacobite. Jina hilo sisi tunalielewa haraka kuliko Waingereza wenyewe, kwa sababu James kwa Kilatini ni Jacobus, yaani Yakobo. Walikuwa watu wa Yakobo.

Wakateremka England mpaka Derby, zimebaki kama kilomita 200 kufika London. Hapo Desemba makamanda wakakata shauri kurudi. Waliporudi waliacha kikosi kidogo kulinda mji wa Carlisle, pale mpakani. Jeshi la serikali likauzingira, na tarehe 30 Desemba 1745 wale wa ndani wakasalimu amri. Wengi wao hawakurudi kwao.

Kisa wanachosimuliana ni kwamba wimbo ulizaliwa ndani ya gereza la Carlisle. Askari wawili marafiki, mmoja ataachiwa, mmoja atanyongwa. Anayenyongwa anamwambia mwenzake: wewe utakwenda kwa miguu juu ya ardhi, milima na mvua, wiki nzima. Mimi nitapita chini. Watu wa kule waliamini kwamba mtu akifia ugenini, roho yake hurudishwa nyumbani kwa njia ya chini ya ardhi, njia ya viumbe wasioonekana, nayo hufika mara moja. Ndiyo maana anafika wa kwanza. Na ndiyo maana haonani na mpenzi wake, kwa sababu anayefika si mtu tena.

#4 MamaWaMvita

Subhanallah. Nimesoma mara mbili, mwili wote umenisisimka.

Mzee Maktaba shikamoo. Hiyo njia ya chini mbona ni kuzimu hasa? Marehemu bibi yangu akisema "fulani ameshika njia ya chini kwa chini" tukijua hazungumzii barabara.

#5 Mzee_Maktaba

Marahaba mama. Inafanana, ila tusiichanganye sana. Kuzimu ya kwetu mtu huenda akakaa huko. Hii ya kwao ni ya kupitia tu. Anakokwenda ni nyumbani.

#6 Kichuguu

Samahani Mzee, naheshimu sana maelezo yako, lakini hapa lazima nisimame.

Wimbo huu umeonekana kwa mara ya kwanza kwenye maandishi mwaka 1841. Kutoka Carlisle mpaka hapo ni karibu miaka 100. Na wanaotajwa kuutunga au kuutengeneza, wa kwanza ni Lady John Scott, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyezaliwa 1810 akafariki 1900. Inasemwa aliusikia kwa mtoto aliyekuwa akiimba mtaani Edinburgh, akauandika na kuurekebisha. Baadaye Andrew Lang, mwandishi maarufu wa ngano, akatunga shairi lake juu ya wimbo huo huo na kuliweka waziwazi kwenye mambo ya Carlisle. Hiyo ni miaka ya 1870.

Kwa hiyo huyo mfungwa tunayemlilia, sauti yake tumeipata kupitia kwa watu waliokaa sebuleni na piano, wakati vita vimeshageuka hadithi nzuri. Sisemi wimbo si mzuri. Nasema tusiseme "uliandikwa gerezani" kana kwamba tuna karatasi ya gereza mkononi.

#7 Ngosha_wa_Ziwani

Naona bado sijajibiwa ukubwa wa ziwa.

#8 BintiTanga

Ngosha kaka yangu, ni kilomita za mraba 71. Kwa eneo ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika kisiwa kizima cha Uingereza na Uskoti. Lina visiwa vingi ndani yake, na juu yake umesimama mlima Ben Lomond, mita 974.

#9 Ngosha_wa_Ziwani

71? Victoria ni zaidi ya 68,000! Dada, hiyo ni ghuba moja tu ya kwetu, tunatupa nyavu asubuhi tunamaliza kabla ya chai.

Lakini nawapa heshima yao. Sisi wenye ziwa kubwa namna ile, ni nyimbo ngapi za kuliza mababu tumelitungia? Wao kwa hilo la 71 wameliza dunia.

#10 Jasiri_255

Si ndilo lile lenye mnyama mkubwa wa ajabu?

#11 Mzee_Maktaba

Hapana Jasiri. Huyo anasimuliwa Loch Ness, kaskazini zaidi, karibu na Inverness. Loch Ness ni jembamba lakini refu na lina kina kikubwa, kwa hiyo lina maji mengi kuliko Loch Lomond ingawa eneo lake ni dogo.

Kichuguu, nakubali mwaka 1841, sikusema uliandikwa gerezani, nimesema wanasimuliana. Lakini nikuongezee jambo moja. Baada ya vita kwisha Culloden tarehe 16 Aprili 1746, wafungwa walikuwa wengi mno. Serikali ikaamua askari wa kawaida wapige kura: katika kila 20, mmoja apelekwe mahakamani, waliobaki waombe msamaha na wengi wao wasafirishwe makoloni. Hilo si la sebuleni, limo kwenye kumbukumbu. Hebu waza watu 20 chumbani, marafiki, watu wa kijiji kimoja, kofia inazungushwa ya vikaratasi. "Wewe njia ya juu, mimi njia ya chini" ni maneno yanayoweza kutoka katika chumba hicho hata kama aliyeyaandika alizaliwa baadaye.

#12 Kichuguu

Yanaweza, ndiyo. Kuweza kutoka na kutoka ni mambo mawili. Ila habari ya kura sikuijua, asante.

#13 Mwalimu_Kwaya

Nimefundisha kwaya Moshi miaka 31, niruhusuni niseme upande wa sauti, kwa kuwa wote mmeshika maneno tu.

Sauti ya wimbo huu haikuanza 1841. Wapo wanaoifananisha na wimbo uitwao Robin Cushie, uliomo katika kitabu cha William McGibbon cha mwaka 1742. Angalieni tarehe hiyo. Ni miaka mitatu kabla ya vita. Kwa hiyo Mzee na Kichuguu, kila mmoja ana nusu ya shilingi. Sauti inaweza kuwa ya zamani kuliko vita, maneno yakawa ya karibu zaidi kuliko vita, na vita vyenyewe vikawa katikati kama samli inayounganisha.

Nyimbo za watu zote ziko hivyo. Nimewahi kufundisha wimbo wa mavuno, wazee wa kijiji kimoja wakaniambia ni wa mavuno, wa kijiji cha pili wakaniambia ni wa kumsindikiza maiti. Sauti ile ile. Nani mwongo?

#14 MamaWaMvita

Mwalimu, hapo kwenye "nani mwongo" nimekupa pilau.

#15 Zubeda_wa_Birmingham

Habari wapendwa. Mimi nilifundishwa tofauti kabisa. Jirani yangu ni bibi wa Kiskoti, anasema anayeimba si mfungwa, ni mwanamke. Mchumba wake aliuawa na kichwa chake kikapelekwa kuonyeshwa mji baada ya mji kwenye barabara kuu, ili watu waogope. Hiyo ndiyo njia ya juu. Yeye na wenzake wakarudi kwao kwa njia za pembeni, za chini, kwa miguu. Na kwa sababu msafara wa vichwa unasimama kila mji, yeye anafika Uskoti kwanza.

Nilipoisikia hii sikulala vizuri.

#16 Mzee_Maktaba

Zubeda, hiyo ipo, na sehemu yake moja ni kweli tupu: vichwa vya walionyongwa vilisimamishwa kweli kwenye malango, Carlisle na kwingineko. Hayo mambo yalifanyika.

#17 Kichuguu

Vichwa sikatai. Ila hebu tusome maneno yenyewe kama tunavyosoma shairi. Kuna watatu humo ndani: mimi, wewe, na mpenzi wangu. "Wewe" anashika njia ya juu. "Mpenzi wangu" hataonekana tena. Kama anaimbiwa mpenzi, kwa nini asimwambie "mimi na wewe hatutaonana tena"? Anamwambia mtu mwingine habari za mpenzi wake. Kwa hiyo maelezo ya Zubeda yana shida, na maelezo ya Mzee ya marafiki wawili yanakaa vizuri zaidi. Naona vibaya kumsaidia Mzee lakini haki ni haki.

#18 Zubeda_wa_Birmingham

Kichuguu, mwanamke aliyefiwa hupangi nafsi zake za sarufi. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilikuwa nazungumza naye kama "wewe", dakika hiyo hiyo nawaambia watu "mume wangu" habari zake, na yeye kalala pale pale mbele yetu.

#19 Kichuguu

Pole sana dada. Na nakubali, hilo sikuliwaza.

#20 Fundi_wa_Barabara

Mnazungumza njia, niacheni niseme kazi yangu. Katika Kiingereza cha zamani hiyo "njia ya juu" ni msemo wa kawaida wa barabara kuu, ile ya serikali, inayopita magari ya farasi. Haina lazima ya kuwa mlimani. Kinyume chake ni vichochoro vya wenyeji. Kwa hiyo bila mizimu na bila vichwa: wewe pita barabara kuu, mimi najua njia ya mkato. Kwisha.

#21 MamaWaMvita

Na mpenzi kwa nini hataonana naye?

#22 Fundi_wa_Barabara

Hapo mama sina jibu. Labda kaolewa.

#23 Bila_Stempu

Nimesoma uzi huu wote nikiwa kwenye basi la usiku narudi kutoka kazini. Sina kawaida ya kuandika. Leo naandika.

Niko ughaibuni mwaka wa 14, mji sitautaja. Miaka 11 kati ya hiyo sikuwa na karatasi. Wanaojua wanajua: ukitoka huwezi kurudi, kwa hiyo hutoki. Mama yangu alifariki mwaka wa tano. Mazishi niliyaona kwenye simu, mtu ameshika simu juu ya vichwa vya watu, naona migomba na mgongo wa padri. Kaburi sikuliona mpaka mwaka juzi.

Nilikuwa naishi chumba kimoja na jamaa yangu, mtu wa Bukoba kama mimi, tulikuja msimu mmoja. Yeye pia hakuwa na karatasi. Kila Jumapili tulikuwa tunapanga safari ya kurudi: nani atatangulia, nani atampokea mwenzake uwanja wa ndege, tutakula nini cha kwanza. Yeye alisema senene. Mwaka wa nane akaugua ini, wiki sita akaondoka.

Jamii ikachanga. Watu walitoa mpaka pesa ya kodi ya nyumba. Siku ya 11 sanduku likapanda ndege. Hakuna aliyeuliza karatasi zake. Yule mtu ambaye miaka minane hakuweza kuvuka mpaka wowote, alivuka yote kwa siku moja, akafika Bukoba, akapokelewa na ukoo mzima. Na mimi nimebaki chumbani na viatu vyake.

Alifika kabla yangu kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo BintiTanga, mimi wimbo huo sikuwahi kuusikia kabla ya leo. Nimeusikiliza kwenye basi mara nne. Njia ya chini naijua.

#24 BintiTanga

Kaka yangu. Nimesoma nikiwa zamu, nimekwenda chumba cha dawa nikafunga mlango. Pole. Asante kwa kutuambia.

#25 Ngosha_wa_Ziwani

Pole sana ndugu. Nimeacha utani wa ziwa.

#26 MamaWaMvita

Mola amrehemu mwenzako na mama yako. Huko kwenu ukifika nenda kale senene kwa niaba yake.

#27 Bila_Stempu

Nilikula mama. Kilo nzima.

#28 Halifax_Baridi

Poleni wakuu. Baada ya hapo ni vigumu kuandika, lakini nina jambo.

Mimi niko Nova Scotia, Kanada. Jina lenyewe ni Kilatini, maana yake Uskoti Mpya. Mwaka 1773 meli iitwayo Hector ilitua Pictou hapa na Waskoti wa milimani karibu 200, na baada yao wakafuata maelfu kwa maelfu, wengi wameondolewa kwenye ardhi zao ili zifugwe kondoo. Huku wimbo wa Loch Lomond wanauimba watu ambao babu wa babu wa babu yao ndiye aliyeliona ziwa mara ya mwisho. Hawajawahi kufika. Na wanalia vile vile.

Ndiyo maana mimi naona wafungwa wa Carlisle ni sehemu ndogo tu. Huu wimbo umebebwa na wahamaji. Kwao "hatutaonana tena" haikuhitaji kitanzi, bahari ilitosha. Enzi hizo ukipanda meli ile, mama yako anakuzika siku hiyo hiyo.

#29 Mzee_Maktaba

Hilo ni jema. Na hata waliobaki walinyang'anywa mengi. Sheria ya 1746 ilipiga marufuku mavazi yao ya milimani, haikufutwa mpaka 1782. Sasa hivi kila harusi wanaume wamevaa sketi zile kwa fahari, BintiTanga si umeziona.

Ila tusiweke mambo kama Waskoti wote upande mmoja na Waingereza upande mwingine. Culloden kulikuwa na Waskoti wengi ndani ya jeshi la serikali, na Carlisle waliotekwa walikuwemo Waingereza wa kikosi cha Manchester waliomfuata Charles. Wimbo umekuja kuwa wa taifa zima baadaye. Vita yenyewe iligawa hata ndugu wa tumbo moja.

#30 Mtu_wa_Thogoto

Wadau, mimi ni wa Kikuyu, Kenya. Jina la kwetu Thogoto wazee wanasema limetokana na "Scot" lilivyotamkwa na ulimi wa Kikuyu. Wamisionari wa Kiskoti walianzia Kibwezi 1891, wakahamia kwetu 1898. Wako waliozikwa pale pale.

Nikiwa mdogo tulikuwa tunapita karibu na makaburi yao tukienda Sunday school, tunasoma majina, tunahesabu miaka: wengine walikufa vijana sana. Sasa baada ya kusoma maneno ya Mzee kuhusu roho inayorudi kwao kwa njia ya chini, nimekaa nikajiuliza kama hao nao walirudi, au walibaki nasi. Nyanya yangu angesema walibaki, maana walizikwa vizuri na wanatembelewa.

#31 Jasiri_255

Hata Mwalimu Nyerere alisoma huko Glasgow, lazima aliucheza huo wimbo.

#32 Kichuguu

Edinburgh, Jasiri, si Glasgow. 1949 mpaka 1952. Kama aliucheza hatujui, tusimchezeshe.

#33 Jasiri_255

Sawa mkuu. Ila miaka mitatu Uskoti bila harusi hata moja?

#34 Mrefu_wa_Munich

Naingia kwa mlango wa mpira. Juni 2024 nilikuwa Munich, mashindano ya Ulaya yanafunguliwa, Ujerumani na Uskoti, tarehe 14. Waskoti walijaa uwanja wa katikati ya mji wa Marienplatz mpaka huoni mawe ya chini. Wakafungwa 5 kwa 1. Usiku ule narudi nyumbani kwa treni, behewa limejaa wao, wamelowa, wamechoka, sauti zimekauka. Nikategemea kelele au ugomvi. Mmoja akaanza taratibu, peke yake, ule ubeti wa kwanza. Behewa zima likaingia. Hakuna aliyeruka, waliimba wamekaa, wengine wameegemeza kichwa kwenye kioo.

Nilijiuliza timu yetu ikifungwa tano tunaimba nini.

#35 Mwalimu_Kwaya

Mrefu, hapo umeeleza kwa nini nchi hiyo ina wimbo huu mdomoni. Wimbo wa ushindi huwezi kuuimba ukifungwa. Huu unaimbika siku zote mbili.

Wanaousikia viwanjani mara nyingi ni ule wa bendi ya Runrig, vijana wa kisiwa cha Skye. Waliurekodi 1979, ukawa ndio wimbo wao wa kufungia kila onyesho. Mwaka 2007 waliurudia pamoja na mashabiki wa timu ya taifa kwa ajili ya mchango wa watoto, ukafika nafasi ya 9 kwenye chati za Uingereza. Ule mtindo wa kuanza polepole na kupanda, ambao BintiTanga aliuona harusini, mkono wa Runrig umo.

Na anayependa jazi amtafute Maxine Sullivan, mwimbaji mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Pennsylvania. Mwaka 1937 aliuimba kwa mahadhi ya swingi ukampa jina. Wa kwake hauna mfungwa wala mzimu, unatembea kama mtu anayerudi kwao na zawadi.

#36 Zubeda_wa_Birmingham

Mwalimu, jirani yangu hapendi kabisa ule wa kukimbiakimbia. Anasema wamegeuza msiba kuwa mchezo. Kwake wa kweli ni wa sauti moja bila ngoma. Na akitaka kulia kwa kupenda nchi anaweka Caledonia wa Dougie MacLean, ambaye aliutunga akiwa ufukweni Brittany, Ufaransa, nyumbani kumemshika.

#37 MamaWaMvita

Mbona sisi tunacheza misibani na kulia harusini? Bibi harusi akitoka kwao Mvita, mama yake analia kama kafiwa, na nje ngoma inavuma. Mimi nawaelewa hao wa duara. Mtu mzima anaondoka kwao, hiyo nayo ni njia mojawapo. Mwambie jirani yako asiwakataze.

#38 Fundi_wa_Barabara

Nimerudi. Nimekaa nikapima kwenye ramani Carlisle mpaka Loch Lomond kwa barabara za leo, inakaribia kilomita 190. Kwa miguu wakati wa baridi, mtu aliyetoka gerezani, bila chakula, ni wiki na zaidi. Nilisema njia ya mkato. Kwa umbali ule hakuna mkato unaomaliza maneno ya wimbo. Naondoa neno langu kuhusu kaolewa. La barabara kuu nabaki nalo.

#39 BintiTanga

Wakuu, mrejesho. Baba wa bibi harusi alisikia nauliza-uliza, Jumapili hii akanichukua na mkewe mpaka Luss, kijiji cha ukingoni. Kulikuwa na mvua nyepesi. Maji meusi, yametulia kabisa, Ben Lomond ng'ambo umevaa wingu mpaka kiunoni. Nikamuuliza: njia ya chini ni ipi? Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyejibu. Akasema mama yake alimwambia ni wafungwa, baba yake alimwambia ni wapenzi, mwalimu wake wa shule akamwambia ni wimbo wa mwanamke tajiri wa Edinburgh. Yeye mwenyewe akiuimba anamfikiria kaka yake aliyehamia Australia 1969, hajarudi.

Mzee ndipo akasema, "Mimi namfikiria yeyote asiyekuwepo mwaka huo."

#40 Kichuguu

Majibu manne nyumba moja. Na la mzee la tano.

#41 Mzee_Maktaba

Na bado mimi niko Carlisle.

#42 Zubeda_wa_Birmingham

Na mimi niko na yule mwanamke.

#43 Bila_Stempu

BintiTanga, ulipofika pale majini, uligusa?

#44 BintiTanga

Niligusa kaka. Ni baridi mpaka mfupa unauma. Kuna mawe madogo ya duara pale ukingoni, nimechukua mawili. Moja nitakuja nalo Tanga Desemba. La pili ukinitumia ujumbe faragha, mwaka utakaokwenda tena Bukoba nitafanya likufikie kwanza.

#45 Bila_Stempu

Nimekutumia.